Ndugu Mzazi, Soma Ubao wa Shule



Mwezi huu tuzungumze juu ya shule za msingi za serikali katika miji midogo. Ni zile shule zilizo karibu na soko na kituo cha mabasi. Watoto wa mjini husoma hapo. Watoto wa vijiji vya jirani nao hutembea kwenda hapo hapo. Pengine mtoto wako ni mmoja wao.

Shule hizi zina watoto wengi sana. Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001. Mwaka huo wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa chini ya milioni 5. Mwaka 2005 walikuwa zaidi ya milioni 7. Kisha Januari 2016 ikaanza elimu bila malipo, na watoto wakaja tena kwa wingi. Huu ni ushindi, tusiubeze. Mtoto wa mjane na mtoto wa mwenye duka wanakaa dawati moja.

Lakini dawati la watoto watatu linakaliwa na watano. Serikali inataka mwalimu mmoja awe na watoto 45. Mara nyingine darasa la kwanza lina zaidi ya 100. Mwalimu hawezi hata kupita katikati yao kuona nani ameandika na nani amelala.

Fedha nazo zinatoka wapi? Serikali hupeleka shuleni ruzuku, yaani fedha za kuendesha shule. Elimu bila malipo ilipoanza, kiwango kilikuwa shilingi 10,000 kwa kila mtoto kwa mwaka. Shilingi 4,000 zilishikwa ili kununua vitabu. Shilingi 6,000 zilikwenda shuleni.

Chukua kalamu, tupige hesabu. Shule ina watoto 800. Zidisha 800 kwa 6,000. Unapata shilingi 4,800,000 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12. Unapata shilingi 400,000 kwa mwezi. Hizo ni za chaki, karatasi za mitihani, mipira, na kutengeneza mlango uliovunjika. Kwa mtoto mmoja ni shilingi 500 kwa mwezi. Si nyingi. Ndiyo maana hata kidogo kikipotea, mtoto anakosa kitu.

Fedha zilizoingia na zilizotumika zinatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Hapa ndipo unapoingia wewe. Ulipokuwa hujui kusoma, ubao ule ulikuwa mbao tupu. Sasa unajua.

Usidhani kusoma ubao ni jambo dogo. Sikiliza habari ya jirani zetu wa Uganda. Serikali yao nayo ilikuwa ikituma ruzuku kwa shule za msingi. Mwaka 1996 wataalamu walikagua hesabu za shule 250. Waliona kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 zilizotumwa, shilingi 13 tu ndizo zilizofika shuleni. Nyingine zilibaki njiani, huko wilayani. Wazazi hawakulalamika, kwa sababu hawakujua kama kuna fedha.

Serikali ya Uganda ikafanya jambo rahisi. Ikachapisha katika magazeti kiasi cha fedha kilichotumwa kwa kila wilaya. Shule nazo zikatakiwa kubandika hesabu zao mahali pa wazi. Ilipofika mwaka 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilikuwa zinafika. Mageuzi mengine yalikuwapo pia katika miaka hiyo. Lakini mtu mwenye kusoma alikuwa amepata cha kuuliza.

Basi ukifika shuleni, tazama kwanza tarehe. Karatasi ya mwaka juzi haikusaidii. Tazama fedha zilizoingia, kisha zilizotoka, kisha zilizobaki. Ukiona "matengenezo", uliza ni matengenezo ya nini, nenda ukayatazame. Bao nyingine zimewekwa ofisini ndani, na herufi zake ni ndogo kama ulezi. Huo si ubao wa wazazi. Omba ubandikwe nje, kwa herufi kubwa.

Tazama pia chakula. Elimu bila malipo haikuondoa wajibu wa mzazi kumlisha mtoto wa kutwa. Sare, madaftari na chakula ni vyetu. Mtoto aliyeondoka nyumbani alfajiri bila kitu hasikii hesabu za saa nane mchana. Wazazi wakikubaliana kila mtoto apate gramu 150 za mahindi kwa siku, kwa siku 194 za masomo inakuwa kilo 29. Hiyo ni kama debe moja na nusu. Ni rahisi kutoa wakati wa mavuno kuliko kutafuta fedha mwezi wa pili. Mahindi hayo nayo yaandikwe ubaoni: yaliyoingia, yaliyopikwa, yaliyobaki stoo. Na mtoto ambaye mzazi wake hana, asifukuzwe. Hilo limekatazwa.

Kuuliza si kugombana na walimu. Mwalimu mkuu mwenye hesabu safi hufurahi kuulizwa, kwa maana wazazi wakiona fedha ni chache hujitolea mchanga na mawe bila kusukumwa. Muulize kwa adabu. Yeye ndiye katibu wa kamati ya shule. Usiporidhika, mwone mwenyekiti wa kamati, au simama katika mkutano wa wazazi. Bado hujaridhika, nenda kwa Afisa Elimu Kata.

Na ukiambiwa karatasi ilipeperushwa na upepo, omba ibandikwe nyingine. Kisha upite tena siku ya gulio.