Deni la Matibabu Ndilo Linalowarudisha Machimboni

Mwandishi aliyedai kuwa wazee wa Nyarugusu na Mwime hubaki machimboni kwa tamaa ya dhahabu amewavunjia heshima. Umri wa kustaafu kwa lazima, miaka 60, ni wa mtumishi mwenye mwajiri na michango iliyokatwa kila mwezi. Mponda mawe wa Geita anastaafu kutoka wapi? Mkewe akihitaji upasuaji katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, ng'ombe huuzwa kwanza, kisha shamba, kisha deni linaanza. Mzee anarudi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, vumbi la mwamba likimwingia kwenye mapafu ambayo tayari yanakohoa usiku kucha. Nani hutamani hayo?

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliahidi matibabu bure kwa wasio na uwezo kuanzia miaka 60. Lakini dawa isipokuwepo dirishani, mzee anaambiwa akanunue nje, kwa fedha ipi? Zanzibar inalipa Pensheni Jamii tangu 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi. Bara, yenye dhahabu yote hii, haina malipo kama hayo. Swali la kwa nini haina wapelekewe wapanga bajeti Dodoma, na mzee aombwe radhi.