Kamange na Sarahani Waimbiwe Piano

Nimestaafu kusomesha Kiswahili hapa Wete, na nina ombi kwa wanaopanga matamasha. Tuleteeni Pemba usiku mmoja wa waimbaji wawili na piano, basi, bila spika za kutikisa madirisha. Ila msije na nyimbo za Kijerumani peke yake.

Si kwamba nazidharau. Mwaka 1815 Franz Schubert, kijana wa miaka 18 huko Vienna, alilitia muziki shairi la Goethe, Erlkönig. Mwimbaji mmoja huwa msimulizi, baba, mtoto mgonjwa na mfalme wa majini, huku piano ikitimua mbio za farasi. Mtoto anafia mikononi mwa baba. Kisa hicho bibi zetu wangekihadithia vilevile, pengine farasi tu ndiye angekuwa punda.

Lakini na sisi tunayo mashairi. Kamange na Sarahani bin Matwar walijibizana kwa tungo papa hapa kisiwani zaidi ya miaka 100 iliyopita, na Abdilatif Abdalla alihariri kitabu chao, Kale ya Washairi wa Pemba, kilichotoka 2011. Mmoja anarusha, mwenziwe anadaka: wape sauti mbili, kazi imekwisha nusu. Mshororo wa shairi una mizani 16, nane kwa nane, kwa hiyo mwimbaji ana pahala pa kuvutia pumzi na piano ina pahala pa kujibu.

Nitaambiwa hiyo ni kazi ya taarab. Kweli, kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kiko Unguja tangu 1905. Lakini taarab tunayoletewa harusini siku hizi, vyombo vinameza maneno. Shairi lisilosikika lina faida gani?

Shida iko kwenye piano yenyewe. Haina sauti zinazokaa baina ya funguo mbili, kwa hivyo maqamu za taarab kama Rasti na Bayati zitaharibika. Mtunzi ashike Nahawandi au Ajam, ambazo piano inaziweza, na kabla ya kuandika chochote akae na mpiga ganuni. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kinafundisha ganuni Unguja tangu 2002. Hatuhitaji kwenda Cairo.

Jengine. Ulaya watu hukaa kimya mpaka wimbo umalizike. Wetu wataondoka vitini katikati ya beti, noti mkononi, wakamtunze mwimbaji. Waacheni. Mpiga piano aambiwe mapema azungushe kiitikio mpaka warudi kukaa.