Hicho Unachokiita Mapenzi Kwenye Hadithi Yako

Somo: Ruthu 3 na 4, 2 Samweli 13

Leo nitawakwaza watu wa pande mbili, kwa hivyo usiseme amina mapema.

Nazungumzia hizi hadithi za mashabiki ambazo vijana wetu wanasoma na kuandika kwenye simu. Kama huzijui, ni hivi: mtu amependa kitabu, filamu ama kundi la waimbaji, basi anachukua wale wale na kuwatungia mambo mapya. Harry Potter anaoa mtu mwingine. Vijana wa BTS wanajikuta darasa moja na msichana wa Nakuru. Sura moja leo, nyingine Ijumaa. Wengine wenu mnazisoma Wattpad mkiwa mmeketi ibadani. Nawaona kutoka huku mbele. Biblia ya simu haimfanyi mtu atabasamu hivyo wakati wa sadaka.

Nianze na wazazi na wazee wa kanisa. Mmeshika simu ya mtoto, mmesoma mistari miwili, na Jumapili mnamleta mbele nimwekee mikono nikemee pepo la hadithi. Sitakemea. Nathani alipotumwa kwa Daudi alibeba hadithi ya kutunga, ya tajiri na maskini na kondoo mmoja mdogo, na hiyo ndiyo iliyomvunja mfalme. Yothamu alisimama juu ya mlima Gerizimu akaifanya miti iongee. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano. Kutunga si dhambi. Dhambi ni kutunga halafu useme ilitokea, na hapo, ninyi wahubiri mnaoongeza chumvi kwenye ushuhuda mna kesi nzito kuliko binti wa kidato cha tatu aliyeandika wazi kwamba hii ni hadithi.

Na wewe mama, ukimnyang'anya simu saa mbili usiku ili uketi utazame ile tamthilia ya Mexico ambapo tajiri anampiga mpenzi wake kofi ndipo ambusu, hujamwokoa mtu. Umebadilisha kioo tu.

Sasa vijana. Mnaniambia, "Pasta, ni hadithi tu." Kama ni hadithi tu, mbona ulilia saa nane za usiku? Mbona ulikosa chakula cha mchana ukanunua bando?

Tuchukue zile mnazozijua. Twilight, kitabu cha Stephenie Meyer cha 2005, kina kijana anayeitwa Edward. Anaingia chumbani mwa msichana usiku kumtazama akilala, na msichana hana habari. Kitabu kinakuambia hayo ni mapenzi. Shabiki mmoja wa Uingereza, E. L. James, akawachukua wahusika hao akawatungia hadithi yake mtandaoni, akabadilisha majina, na 2011 ikatoka kama Fifty Shades of Grey. Sasa mwanamume ana mkataba mkononi na mjeledi ukutani, na anataka kuamua msichana ale nini na avae nini. (Sinema yake ilipigwa marufuku hapa Kenya 2015. Sidhani marufuku hiyo ilibadilisha ladha ya mtu hata mmoja.) Halafu 2013 Anna Todd akaanza After kule Wattpad, sura kwa sura, akimtumia Harry Styles wa One Direction. Kijana anamliza msichana, anaomba msamaha, anamliza tena. Na mwanzo wa yote ilikuwa dau: aliwekeana na wenzake kwamba atamvunja yule msichana ubikira. Msichana anakuja kujua, anaumia, na wewe msomaji unatarajiwa uombe warudiane. Ukaomba kweli. Uliomba kuliko ulivyoomba kwenye kesha.

Twende Bethlehemu. Boazi amekula, amekunywa, moyo umefurahi, amelala kwenye uwanja wa kupuria. Usiku wa manane anashtuka, mwanamke yuko miguuni pake. Mgeni, mjane, maskini, na hakuna anayeona. Anafanya nini? Anamwambia alale salama mpaka asubuhi. Analinda jina lake, isijulikane kwamba mwanamke alifika pale. Anampimia shayiri vipimo sita apeleke nyumbani. Na siku hiyo hiyo yuko langoni mbele ya wazee kumi, analimaliza jambo hadharani, na kuna mwanamume mwingine mwenye haki ya kwanza, kwa hivyo huenda akampoteza. Nani alikuambia wema hauna msisimko? Mwanamume mmoja yuko gizani anamtazama msichana asiyejua. Mwingine yuko langoni, mchana, na mashahidi.

Usiniambie Biblia nayo ina mambo mazito. Inayo. Amnoni alimpenda Tamari mpaka akaugua. Akamlazimisha, kisha akamchukia kuliko alivyompenda, akaamuru atolewe nje na mlango ufungwe. Mwandishi hakuliogopa giza hilo. Lakini hakutuomba tumshangilie Amnoni, wala hakumrudisha Tamari mikononi mwake katika sura ya mwisho. Kwa hivyo sina vita na hadithi yenye ukatili ndani. Kuna ghala kubwa la hadithi hizi, Archive of Our Own, ambapo mwandishi anaweza kuweka onyo juu kabisa: humu mna kifo, humu mna kubakwa. Mwandishi anayefanya hivyo ameuita ukatili kwa jina lake. Vita yangu ni na yule anayeficha ngumi ndani ya neno mapenzi.

Mbona nina hasira? Kwa sababu mabinti hao huketi ofisini kwangu kabla ya ndoa. "Pasta, anapekua simu yangu kila jioni kwa vile ananipenda." "Alinisukuma mara moja tu, halafu akalia." Muulize alijuaje kwamba kulia kule ni toba. Hana andiko. Ana ile sura aliyoisoma mara mia, ya kijana mkatili anayeponywa na uvumilivu wa msichana mwema.

Januari 27, 2024 maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Sisemi kuna aliyeuawa na hadithi. Nasema binti aliyelishwa sura hiyo miaka mitano atachelewa kukimbia. Na akija kanisani amepigwa, kuna mimbari zitakazomsomea sura ile ile kwa sauti ya upole: vumilia mama, omba, atabadilika. Mungu anaweza kumbadilisha mtu. Huku akimbadilisha, wewe kaa kwa mamako.

Ninyi mnaoandika, neno moja. Mhusika wa kitabu hana mwili, lakini mwimbaji anao, ana mama na pengine ana mke. Mwandike akipotea Gikomba akitafuta viatu, tutacheka. Ukimvua nguo na kumweka kitandani na mtu, umemshuhudia mwenzako uongo hata kama hatasoma kamwe.

Lakini msiache kuandika. Orpa aliporudi Moabu ilikuwaje? Tamari alikaa nyumbani kwa Absalomu akiwaza nini miaka hiyo yote? Boazi angekuwa na duka Kayole angemtongoza mjane vipi? Ningesoma hizo zote, na ningelalamika sura ikichelewa.

Jumamosi hii saa nane, ushirika wa vijana, njooni na simu zenu. Sizichukui. Kila mmoja alete sura moja anayoipenda, tuisome kwa sauti na tuulize: hapa nani analindwa? Wazazi mnakaribishwa. Wale wa tamthilia, leteni pia kipindi chenu, kitapimwa kwa swali hilo hilo.