Mafungo ya wanawake yazingatie msimu na jiko

Mhariri,

Mafungo, yaani siku chache ambazo waumini hujitenga na shughuli za kila siku ili kusali na kutafakari Neno, yana nafasi kubwa katika utume wa wanawake Wakristo nchini, ukiwemo ule wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, uliotimiza miaka 50 mwaka 2022.

Hata hivyo, ratiba inayomfaa mwajiriwa wa mjini haimfai mkulima wa Dutumi, mkoani Pwani, kwa kuwa masika, mvua kubwa za Machi hadi Mei, huharibu barabara za udongo na huangukia wakati shamba linamhitaji zaidi. Ndiyo maana miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, inafaa zaidi. Mchango nao ukubaliwe kidogo kidogo, au kwa mchele na maharage, ili mjane asibaki nyumbani kwa kukosa fedha taslimu.

Jambo zito zaidi ni jiko. Mwanamke anayechochea kuni chini ya sufuria la wali tangu alfajiri, mtoto akiwa mgongoni, husikia nyimbo kwa mbali na hurudi kwake amechoka kuliko alivyokuja, hali inayokumbusha Martha aliyehangaika kwa utumishi mwingi katika Injili ya Luka, sura ya 10. Kwa hiyo, kamati za parokia na sharika ziwakabidhi akina baba upishi na malezi ya watoto kwa siku hizo, kwani mapumziko ya kiroho ni haki ya kila mshiriki.

Msomaji,
Dutumi, Pwani