Umejilaza au Umelazwa?

Tuanze na neno lenyewe. Watu wa TikTok wanaita "bed rotting", yaani kuoza kitandani. Uko macho, huna usingizi, lakini tangu asubuhi mpaka jioni uko chini ya blanketi, simu mkononi, krispi pembeni, pazia limefungwa. Neno hili lilivuma mwaka 2023, na mwaka 2024 Dictionary.com ikaliingiza kwenye kamusi yake. Jambo lenyewe si geni. Waskoti wana neno lao la zamani, "hurkle-durkle", la kubaki kitandani wakati saa ya kuamka imeshapita. Vijana wa China nao, mwaka 2021, walikuja na "tang ping", kulala chali, kwa maana kwamba wamechoshwa na mbio za kazi zisizoisha.

Sasa sisi wa hapa Birmingham tunabaki katikati ya maneno mawili. Tukiwa na marafiki tunacheka, tunasema tunaoza. Tukiwa nyumbani tunaambiwa ni uvivu. Kwa maoni yangu yote mawili ni matusi, na yote mawili yanatuzuia kuona kitu ambacho Kiswahili kinakiona vizuri sana, hata hiki Kiswahili chetu cha kuokoteza sebuleni.

Angalieni kitenzi "kulala". Ukisema mtu amelala, basi, amelala, hakuna la zaidi. Ukisema amejilaza, ile "ji" inaonyesha kwamba ameamua mwenyewe: amechoka, ameona kitanda, amejinyoosha. Lakini ukisema amelazwa, mambo yamebadilika kabisa. Kuna kitu kimemlaza. Mpigie simu shangazi yeyote umwambie fulani amelazwa, hatauliza kwa nini ni mvivu. Atauliza, "Hospitali gani?" na kesho yake yuko mlangoni na chupa ya uji.

Hoja yangu ni hiyo tu. Kabla ya kumcheka mtu aliyeko kitandani saa nane mchana, au kujicheka mwenyewe, uliza: amejilaza au amelazwa?

Kama umejilaza, sioni unamwomba nani msamaha. Najua nyumba nyingi zetu hazikubali hilo. Wazazi wetu walifika hapa wakafanya zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, kwenye maghala, kwenye usafi wa maofisi, na bado asubuhi wakatupeleka shule. Kwao mtu mzima aliyelala mchana ni mtu anayecheza na riziki. Nawaelewa, na siandiki hapa kuwasuta. Lakini ile methali yao wanayoipenda, mchumia juani hulia kivulini, ina nusu mbili. Wametulea kwa nusu ya jua. Kivuli nacho kimo ndani ya methali hiyohiyo, na wengi wao wenyewe hawajawahi kukikalia.

Halafu jua lenyewe la hapa tulijadili vizuri. "Amka, jua limeshawaka!" ni hoja nzuri sana Mombasa au Bukavu. Saa zetu za Kiswahili zimepangwa kwa jua la kule: saa moja asubuhi ndiyo mwanzo wa siku. Hapa Birmingham mwezi Desemba, saa moja asubuhi ni giza totoro. Jua linatoka saa mbili imeshapita na linazama kabla ya saa kumi jioni. Mwili unaokataa kutoka kitandani kwenye giza hilo una sababu zake.

Kipimo kingine cha kujua kama kweli umepumzika kiko ndani ya neno lilelile. Kupumzika kunatokana na pumzi. Baada ya hizo saa tano, umevuta pumzi? Au umeangalia video mia mbili za watu usiowajua na sasa macho yanawasha na kichwa kizito kuliko ulipoanza? Kama ni hivyo, mwili umejilaza lakini kichwa kimepiga zamu nzima bila mshahara. Weka simu chumba kingine, ujilaze kweli. Hiyo ndiyo haki yako.

Tuje kwenye kulazwa, maana hapa ndipo utani wa kuoza unaponitisha. Kuna mtu yuko kitandani Jumapili kwa sababu wiki ilikuwa ndefu, na Jumatatu ataamka. Kuna mwingine yuko kitandani kwa sababu hata kwenda kuoga kumekuwa mlima. Hajibu meseji. Chakula hakina ladha. Vitu alivyovipenda havimvutii tena. Huyu naye ataandika "naoza leo, hahaha", nasi tutampa alama ya kicheko, tupite. Neno moja limewafunika watu wawili tofauti, na yule anayehitaji msaada ndiye anayejificha vizuri zaidi chini yake.

Nyumbani nako anajificha. Ukisema kichwa kinauma, unaletewa uji na Panadol. Ukisema moyo umechoka, unaambiwa amka uoge, ufanye usafi, utapata nafuu. Wageni wakija, mama atasema huyo ana mafua, kwa sababu mafua yana heshima. Huzuni haina. Sidhani kama ni ukatili. Mara nyingi ni hofu: wakikubali kwamba mtoto analazwa na kitu kisichoonekana, watamtibu kwa dawa gani?

Basi majibu yako hapa mjini, na ni vizuri tuyajue kwa ajili yetu na kwa ajili yao. Kama hali hiyo imekaa zaidi ya wiki mbili, karibu kila siku, usisubiri. England huhitaji barua ya GP kufika NHS Talking Therapies. Unajiandikisha mwenyewe, bure, na kwa Birmingham huduma hiyo inaitwa Birmingham Healthy Minds. Kwa watoto na vijana hadi miaka 25 kuna Forward Thinking Birmingham. Mzazi asiyejiamini kwa Kiingereza ana haki ya kuomba mkalimani. Mambo yakiwa mazito, ukafika mahali pa kufikiria kujidhuru, piga 111 kisha chagua 2, au Samaritans kwa 116 123, usiku na mchana. Na kama maisha yako hatarini sasa hivi, piga 999.

Najua wapo watakaosema nachukulia utani kwa uzito, kwamba "bed rotting" ni njia ya vijana kukataa kufanywa punda wa kazi. Nakubali sehemu hiyo, na ndiyo maana natetea kujilaza. Lakini ukitaka kudai haki ya kupumzika, usiidai kwa neno la nyama iliyosahaulika nje ya friji. Kinachooza hakirudi kuwa kizima. Mtu anarudi.

Kwa hiyo ndugu yako, rafiki yako, au yule binamu wa Coventry akikuandikia kwamba yuko kitandani tangu asubuhi, usitume kicheko kwanza. Mwulize kwa Kiswahili, hata kama kilichobaki cha mazungumzo ni Kiingereza: umejilaza au umelazwa? Akisema amejilaza, mwache, mtakie mapumziko mema. Akichelewa kujibu, nenda na uji.