Usiiwashe Redio ya Baba

Neno langu leo ni moja, nami nalitanguliza ili hata mwenye haraka aondoke nalo. Ukirithi redio ya zamani ya mbao, ile yenye valvu za kioo tumboni, usiichomeke kwenye umeme. Usiseme, "Ngoja nione kama bado inalia." Iache ilivyo mpaka ifunguliwe na kukaguliwa.

Nalisema hili kwa uchungu. Baba yetu alipofariki, tuliikuta redio yake juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mama. Ilikuwa haijawashwa kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Mimi ndiye niliyeichomeka, mbele ya wadogo zangu na watoto wao, kwa nia njema ya kuwaonyesha babu yao alisikiliza nini. Taa ya skeli iliwaka. Spika ikaanza kunguruma kwa ile sauti nzito tuliyoijua tangu utotoni, na sote tukapiga makofi. Dakika mbili hazikwisha, chumba kikajaa moshi na harufu ya lami. Transfoma ilikuwa imeungua. Redio iliyostahimili miaka yote ile ya ukimya niliiua mimi niliyeipenda.

Tangu siku hiyo nimekaa sana na fundi mmoja mzee wa hapa Tanga, nikiuliza na kuandika. Yaliyotokea yanaelezeka. Ndani ya redio hizi mna kapasita kubwa mbili, mara nyingi katika kopo moja la alumini, na kazi yake ni kulainisha umeme kabla haujafika kwenye valvu. Kinachouzuia umeme usipenye humo ni utando mwembamba mno wa oksaidi juu ya alumini, na utando huo hujengwa na kutunzwa na umeme wenyewe. Redio ikikaa miaka bila kuwashwa, utando huchakaa na majimaji ya ndani hukauka. Ukiichomeka ghafla, kapasita haizuii tena kitu. Umeme hupita kama maji kwenye bomba lililopasuka, na mzigo wote huiangukia valvu ya kunyoosha umeme pamoja na transfoma inayoilisha.

Iko nyingine ndogo, nayo huua kimyakimya: kapasita ya karatasi na nta inayopitisha sauti kwenda kwenye valvu ya mwisho, ile inayosukuma spika. Hapa kwetu pwani unyevu wa bahari huingia hadi kwenye karatasi hiyo. Kapasita ikivuja hata kidogo, volti chanya hufika kwenye gridi ya valvu, mahali zisipotakiwa kabisa, na valvu, iwe EL84 au mwenzake, huvuta umeme kupita kiasi mpaka bamba lake la ndani linaiva likawa jekundu. Wakati huo huo redio inaweza kuwa inaimba vizuri tu. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ikilia ni nzima.

Basi ifanyweje? Ifungue mgongo ikiwa haijachomekwa, uitoe vumbi kwa brashi laini ya rangi, tena brashi kavu. Hapa nasisitiza, maana nimeona hasara. Yale majina ya miji kwenye kioo cha skeli, Hilversum, Athlone, Beromünster, ambayo wengi wetu tuliyasoma kabla ya kuijua ramani ya dunia, yamechapwa kwa rangi upande wa nyuma wa kioo. Kitambaa kibichi kikipita mara moja, hayarudi. Nimeona skeli iliyosuguliwa kwa bidii ikabaki kioo kitupu. Maandishi ya valvu nayo hufutika vivyo hivyo, na valvu isiyo na jina humsumbua fundi siku nzima. Tazama pia lile doa la fedha ndani ya kioo cha valvu. Likiwa linang'aa, hewa haijaingia. Likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, valvu hiyo imekufa hata kama huoni ufa. Waya zilizovikwa mpira huwa zimepasukapasuka, zitolewe zote.

Kisha kapasita zibadilishwe, zile za alumini na zile za nta. Si vitu vya kuagiza ng'ambo; maduka ya vipuri vya Kariakoo na ya Luthuli Avenue kule Nairobi yanazo, mradi uchague za volti 400 au 450. Na hapa nawaonya mafundi wenzetu wenye moyo wa kuongeza. Palipoandikwa maikrofaradi 50 msiweke 220 kwa kudhani mnaiimarisha redio. Valvu ya kunyoosha umeme kama EZ80 haikuundwa kulisha zaidi ya 50 mbele yake. Kila ikiwashwa itapigwa na mkupuo wa umeme usiowiana na nguvu zake, nayo haitadumu.

Sasa ndipo uje umeme, nao usije wote kwa mkupuo. Fundi wangu hupitisha waya mmoja wa redio kwenye globu ya kizamani, ile yenye uzi unaowaka, ya wati 40 au 60. Globu ikiwaka kwa nguvu na isififie, ndani kuna shoti. Chomoa mara moja. Ikiwaka kisha ikafifia, kuna matumaini, nawe endelea kwa subira. Globu hizi mpya za LED hazifai kwa kazi hiyo. Kabla ya hapo, kitazame kile kiteuzi cha volti mgongoni mwa redio. Zipo zilizoletwa zikiwa zimewekwa kwenye 110 au 127, na umeme wetu si huo.

Enyi vijana mnaojifunza kwa kutazama picha kwenye simu, nisikilizeni kwa makini. Umeme wa ndani ya redio ya valvu unaweza kufika volti 250 na zaidi, na kapasita huendelea kuushika hata baada ya kuchomoa plagi. Zipo pia redio zisizo na transfoma. Utazitambua kwa valvu ambazo majina yake huanza na U, kama UCH81 na UL84. Chasisi ya hizo huwa imeungwa moja kwa moja na waya wa umeme, hivyo kuigusa kunaweza kuwa sawa na kushika waya wa ukutani. Asiyejua kuumaliza umeme wa kapasita kwa rezista, na asiyejua kutumia mita, asitie mkono. Aketi kwanza karibu na anayejua.

Nitaulizwa, ya nini taabu yote hiyo kwa sanduku lililopitwa na wakati? Nami najibu kwamba sanduku hilo ndilo lililotuleta katika wakati huu. Stesheni ya Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, transista ilikuwa imevumbuliwa miaka minne tu nyuma, na redio ya transista ya mfukoni ilikuwa bado haijaingia sokoni. Waliosikiliza walisikiliza kwa valvu. Kule Lusaka, mwaka 1949, afisa wa habari wa serikali ya kikoloni, Harry Franklin, aliishawishi kampuni ya betri ya Uingereza kuunda redio ya valvu nne ndani ya bakuli la sufuria ya alumini, ya kutumia betri, iuzwe pauni 5 ili mwananchi wa kawaida aweze kuinunua. Na tarehe 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi, John Okello aliposema na Wazanzibari kwa redio, wapo waliomsikia kwa masanduku haya haya tunayoyauza leo kwa kilo. Tunahifadhi milango ya nakshi na majahazi, na tunafanya vyema. Nashindwa kuelewa kwa nini chombo kilichoingiza habari za uhuru katika kila mtaa kisistahili hata kapasita mpya mbili.

Wengine husema hakuna stesheni za kupokea. Si kweli. Usiku masafa ya kati na masafa mafupi bado yana sauti, ingawa zimepungua. Tena Ujerumani ilipopewa masafa machache katika mkutano wa Copenhagen wa 1948, ilianza FM mapema, tangu 1949, ndiyo maana redio nyingi za huko za miaka ya 1950, za Grundig, Telefunken au Saba, zina kitufe kilichoandikwa UKW. Hicho ni FM. Nyingi huishia megahezi 100, lakini chini ya hapo mna stesheni za mjini za kutosha kukutia mshangao. Valvu nazo hazijakoma kutengenezwa. EL84 bado inaundwa Slovakia na Urusi kwa sababu wapiga gitaa hawataki kuiacha.

Jambo linaloniumiza kuliko yote ni lile la kuitoa redio matumbo yake na kuweka spika ya bluetooth ndani ya mbao. Naomba tuliache. Redio nyingi zenye transfoma zina matundu ya gramafoni mgongoni. Simu yako inaweza kuungwa hapo kwa waya, nyimbo zako zikapita kwenye valvu zenyewe, na wala hutakuwa umekata kitu. Zile za U usiziunge hivyo kamwe.

Wazee wanaojua kazi hii wamebaki wachache, na wanaondoka. Kila mtaa wa zamani, Ngamiani, Mji Mkongwe, Mvita, una kibanda ambacho mwenyewe ana droo ya valvu zilizofungwa kwenye magazeti. Nenda kabla warithi wake hawajaipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mpelekee redio yako, na umpelekee pia kijana mmoja wa nyumbani kwako.

Transfoma ya baba inasukwa upya sasa hivi. Mzee anaisokota kwa mkono, waya mwembamba kama unywele, zaidi ya mizunguko elfu mbili upande wa volti nyingi, akitia karatasi kati ya tabaka na tabaka. Macho yake hayampi tena nafasi ya kusokota na kuhesabu kwa pamoja, kwa hiyo kila Jumamosi mpwa wangu wa miaka kumi na minne huketi mbele yake na daftari, akitia alama kila ikifika mia. Juzi walikuwa wamefika mia kumi na moja.