Malezi Yetu: Kijana Aliyeitwa Ng'ambo kwa Ajili ya Mpira



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, alitujia jirani yetu mmoja na simu mkononi. Mwanawe tulimsomesha tangu alifu hata akahitimu, na sasa yuko Marekani mwaka wa 2, katika chuo kinachomlipia ada, chumba na chakula ili akichezee mpira wa kikapu. Kijana ataka kuacha yote arudi, na mama alituomba tumnasihi. Tulipoipokea simu tukamwuliza hali, kisha tukamwuliza kama timu yao imeshinda.

Akanyamaza kidogo. "Maalim," akasema, "hapa nahesabiwa urefu tu. Darasani wananiona mchezaji nisiyejua kitu, na nyumbani kila nikipiga simu naulizwa kama tumeshinda."

Neno hilo lilitutahayarisha, nalo ndilo lililotufanya tuandike haya.

Si siri kwamba tangu mwaka 2009, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyekuwa akicheza katika Chuo Kikuu cha Connecticut, alipochaguliwa wa 2 kati ya vijana wote walioitwa na ligi kuu ya Marekani, mtoto mrefu hutazamwa na jamaa zake kama mkarafuu uliozaa. Hatuwalaumu, ada za huko ni mali nyingi. Lakini chama chenyewe cha michezo ya vyuo, kiitwacho NCAA, hutangaza kwamba wanaopata kuufanya mchezo kazi yao ya maisha hawafiki 2 katika kila 100. Waliobaki, riziki yao yategemea walichokisoma.

Na kusoma kwao kuna taabu ambayo sisi wa huku hatuioni katika picha. Kanuni yasema mazoezi na mashindano yasizidi saa 20 kwa juma wakati wa msimu. Ni kanuni njema, ila saa za safari hazimo katika hesabu hiyo. Timu husafiri katikati ya juma, hurudi usiku wa manane, na asubuhi kuna somo la kemia. Mwanafunzi mgeni hana budi kuchukua masomo kamili, ama ruhusa yake ya kukaa nchini itaingia mashakani. Tena, katika vyuo vya daraja la kwanza, aingiapo mwaka wa 3 yampasa awe amekwisha timiza 40 katika 100 ya masomo ya shahada yake, au azuiliwe kucheza.

Hapo ndipo huingia hila. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika Chuo Kikuu cha North Carolina, kwa muda wa miaka 18, wanafunzi zaidi ya 3,000 waliingizwa katika masomo yasiyokuwa na mwalimu wa kuwafundisha, wakapewa alama kwa karatasi moja tu. Na karibu nusu yao walikuwa wachezaji. Kumpa kijana alama bila elimu ni kumdhulumu, ijapokuwa dhuluma hiyo imevikwa joho.

Kwa Mwislamu yapo na mengine. Kijana wetu alikiri kwamba siku za safari Adhuhuri na Alasiri zilikuwa zikimpita, akidhani hana njia. Kumbe mlango wa sala ya msafiri alikwisha usoma kwetu akiwa na miaka 9: kwamba aweza kuzikusanya na kuzipunguza. Aliusahau, nasi siku ya kuondoka tulimwombea ushindi, tukampa tende, tusimkumbushe. (Ruhusa hiyo ni ya msafiri, si ya mchezaji, akiwa chuoni pake, hukumu yake ni ya mkazi.) Kuhusu saumu, watu hupenda kumtaja Hakeem Olajuwon, aliyefunga Ramadhani ya mwaka 1995 huku akicheza, na mwezi huo akatajwa mchezaji bora. Ni mfano mzuri, lakini Olajuwon wakati ule alikuwa mtu mzima wa miaka 32, tena hakuwa na mtihani kesho yake.

Basi tukamwuliza kijana, "Wasoma nini huko?" Mama akatutazama. Hakujua, na sisi hatukujua. Kijana akaanza kueleza habari za maji: jinsi visima vya pwani vinavyoingiwa na chumvi watu wakichota kupita kiasi, na jinsi chumvi hiyo inavyoweza kutolewa. Akasema karibu nusu saa. Hatukupata kumsikia akisema hivyo juu ya mpira.

Tulimwambia asiache kwa hasira kabla hajausoma mkataba wake, kwani mchezaji ajiondoaye kwa hiari aweza kukatiwa msaada. Aende kwa mshauri wa masomo wa timu, maana kazi yake ndiyo hiyo. Mwalimu wa kemia ampelekee ratiba ya safari mapema, asingoje mpaka ameshindwa. Na aitafute Jumuiya ya Wanafunzi Waislamu, iliyoanzishwa huko mwaka 1963 na yenye matawi katika vyuo vingi, apate watu wa kufuturu nao na wa kumjua kwa jina.

Kwa mama tulikuwa na neno moja: amwambie usiku ule ule kwamba akirudi bila kikombe wala fedha, chumba chake kipo. Mama alisita, kwa kuwa wajomba wamekwisha ahidiwa mengi. Kisha alimwambia.

Alhamisi iliyopita kijana alipiga tena. Mama aliuliza kemia kwanza. Mtihani ni Jumatatu, na timu yasafiri Jumamosi. Mwalimu amekubali kumfundisha saa moja kabla ya safari. Kama atabaki au atarudi, bado hajaamua.